Kauli Zinazotangulia Risasi Juba

Jumatatu ya tarehe 16 Desemba 2013, baada ya usiku mzima wa milio ya bunduki, Rais Salva Kiir alitokea kwenye televisheni ya taifa ya Sudan Kusini. Raia wake walizoea kumwona katika suti na kofia pana nyeusi, mtindo alioushika tangu alipozawadiwa kofia ya aina hiyo na Rais George W. Bush wa Marekani. Siku hiyo suti haikuwapo, wala kofia. Alikuwa amevaa magwanda ya madoadoa ya walinzi wake. Alitangaza kuwa jaribio la mapinduzi limezimwa, akamtaja aliyekuwa makamu wake, Riek Machar, akaukumbusha umma mambo ya mwaka 1991, kisha akapiga marufuku watu kutoka nje kuanzia jioni hadi alfajiri.

Siku hizohizo, katika mitaa ya Gudele, Mangaten na New Site, askari walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakiwasaka wanaume wa Kinuer, kabila la Machar. Human Rights Watch ilieleza baadaye kwamba wanaume kati ya 200 na 300 waliofungiwa katika jengo moja la polisi huko Gudele walimiminiwa risasi kupitia madirishani. Maelfu ya wengine walikimbilia kambi za Umoja wa Mataifa mjini humo, na wengi wao wakaishi humo miaka.

Tangu wakati huo, mjadala kuhusu maneno na vita Sudan Kusini umeegemea zaidi upande mmoja: matusi ya kikabila kwenye Facebook, vijana wa ughaibuni wanaotukanana usiku kucha, picha za maiti zinazozagaa kwenye WhatsApp. Mambo hayo yapo, na yanaua. Lakini ukifuatilia machafuko ya Juba moja baada ya jingine, utakuta kwamba kauli yenye sumu kali kuliko zote haina tusi hata moja. Ni kauli rasmi inayosema: tumeshambuliwa, na adui ni fulani. Hutolewa na mwenye dola au mwenye jeshi kabla uchunguzi haujafanyika, katika mji ambao wananchi wake hawana pa kuihakikishia.

Mtindo uliotangulia Juba

Viongozi wa Juba hawakuubuni mtindo huu. Agosti 1964 Rais Lyndon Johnson aliwaambia Wamarekani kwamba manowari zao zimeshambuliwa kwa mara ya pili na Vietnam Kaskazini katika Ghuba ya Tonkin. Siku chache baadaye Bunge lilimpa mamlaka ya kutumia nguvu za kijeshi: kura 416 kwa 0 katika Baraza la Wawakilishi, na 88 kwa 2 katika Seneti. Shambulio hilo la pili halikutokea. Oktoba 2002 Bunge hilohilo likaidhinisha vita dhidi ya Iraq, kura 296 kwa 133 na 77 kwa 23. Februari 2003 Waziri wa Mambo ya Nje, Colin Powell, aliketi mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa akieleza habari za silaha za maangamizi ambazo hazijaonekana hadi leo.

Mambo mawili yanajitokeza katika mifano hiyo. La kwanza, vita viliuzwa kwa umma kama kujilinda. Hakuna kiongozi aliyesimama akasema anataka kuua. Kila mmoja alisema anazuia kuuawa. La pili, ilihitajika kazi: hotuba, vikao, kura, magazeti, wiki na miezi ya kushawishi. Wapinzani walipata nafasi ya kusema, wakaandamana kwa mamia ya maelfu, ingawa hawakusikilizwa. Ikiwa taifa lenye Bunge la karne mbili, magazeti huru na mahakama zenye nguvu liliweza kupotoshwa kiasi hicho, tujiulize hali ya nchi iliyozaliwa tarehe 9 Julai 2011, ambayo miaka miwili na miezi mitano baadaye ilikuwa imeshaingia vitani na nafsi yake. Juba haikuhitaji miezi ya ushawishi. Kutoka kauli hadi mauaji palikuwa na usiku mmoja.

Mwaka 1991 kama silaha

Usiku huo hata hivyo ulikuwa umeandaliwa. Julai 2013 Kiir alimfukuza Machar pamoja na baraza zima la mawaziri. Tarehe 6 Desemba, Machar na wakubwa wenzake wa chama cha SPLM waliitisha mkutano na waandishi wa habari katika makao ya chama mjini Juba, wakamshutumu mwenyekiti wao kwa udikteta na kukiua chama. Upande wa rais ukajibu kwa ukali. Tarehe 14 Desemba, katika ukumbi wa Nyakuron, Kiir alifungua kikao cha Baraza la Ukombozi la chama kwa kuonya kwamba mwenendo wa wakosoaji wake unairudisha nchi katika mgawanyiko wa 1991.

Mtu asiyeijua historia ya harakati za SPLM anaweza kuiona kauli hiyo kuwa onyo la kawaida la kisiasa. Kwa wenyeji, ilikuwa ni kutonesha kidonda. Agosti 1991 Riek Machar, Lam Akol na Gordon Kong walitangaza kutoka Nasir kwamba wamempindua John Garang katika uongozi wa SPLM. Kabla ya mwaka kwisha, wapiganaji waliokuwa upande wa Machar waliingia eneo la Bor na kuwaua kwa wingi Wadinka, kabila la Kiir. Amnesty International ilikadiria watu 2,000. Kila familia ya Bor ina jina la mtu wake aliyepotea wakati huo. Machar mwenyewe aliomba radhi hadharani mwezi Agosti 2011, majuma machache baada ya uhuru, na wengi waliipokea hatua hiyo kama mwanzo wa kuponya.

Ndiyo maana matumizi ya 1991 katika ugomvi wa kugombea uongozi wa chama yalikuwa na uzito mkubwa hivyo. Suala lililokuwa mezani lilikuwa nani agombee urais mwaka 2015 na kura za ndani ya chama zipigwe vipi. Mara tu mwaka ule ulipotajwa, suala likageuka: mpinzani wa kisiasa akawa yule aliyewaua ndugu zetu, na kabila lake likasimama nyuma yake machoni pa watu hata kama halikuulizwa. Kumbukumbu za mauaji ni haki ya waliofiwa. Mwanasiasa anayezitumia kumalizia ugomvi wa vyeo anawaibia haki hiyo, na anawaandalia wengine msiba uleule.

Tukio lilipewa jina kabla ya kuchunguzwa

Usiku wa tarehe 15 Desemba, askari wa kikosi cha Tiger, yaani walinzi wa rais, walianza kufyatuliana risasi katika kambi ya Giyada. Nani alifyatua ya kwanza ni suala lenye simulizi zaidi ya moja: wapo waliosema waasi walivamia ghala la silaha, na wapo waliosema mapigano yalizuka baada ya amri ya kuwanyang'anya silaha askari wa Kinuer. Hilo lilikuwa swali la kuchunguzwa kwa siku kadhaa. Kauli ya rais ililifunga ndani ya saa chache kwa neno moja, mapinduzi.

Baadaye neno hilo lilipopelekwa mbele ya ushahidi, halikusimama. Vigogo wanne wa SPLM, akiwamo aliyekuwa Katibu Mkuu Pagan Amum, walishtakiwa kwa uhaini. Mkuu wa ujasusi wa kijeshi, Mac Paul, aliyeitwa kama shahidi, aliieleza mahakama kwamba hakuona ushahidi wa mapinduzi. Aprili 2014 serikali ikaiondoa kesi na washtakiwa wakaachiwa. Tume ya Umoja wa Afrika iliyoongozwa na Olusegun Obasanjo, katika ripoti iliyotolewa Oktoba 2015, nayo ilisema haikupata ushahidi wa jaribio la mapinduzi. Ilisema pia kwamba mauaji ya Wanuer mjini Juba yalifanywa kwa mpangilio.

Lakini kufikia hapo, miji ya Bor, Bentiu na Malakal ilikuwa imeshatekwa na kukombolewa mara kadhaa. Watafiti wa chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine walikadiria kwamba vita hivyo, tangu Desemba 2013 hadi Aprili 2018, vilisababisha vifo vya ziada vipatavyo 383,000, karibu nusu yake vikiwa vya kuuawa na vingine vya njaa na maradhi. Ukweli uliochelewa miezi minne mahakamani, na karibu miaka miwili ndani ya ripoti, haukumrudisha hata mmoja wao.

Upande wa pili haukuwa na mikono safi

Itakuwa dhuluma kuandika haya kana kwamba serikali pekee ndiyo iliyokuwa na ndimi za moto. Aprili 2014 waasi wa Machar waliuteka mji wa Bentiu. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa, UNMISS, uliripoti kwamba zaidi ya raia 200 waliuawa katika msikiti wa Kali-Ballee walikokuwa wamejificha. Wakati hayo yakitendeka, watu walioshirikiana na waasi walikaa mbele ya maikrofoni ya redio ya mji, wakatangaza kwamba watu wa makabila fulani hawatakiwi Bentiu, na wakawachochea wanaume wa kabila moja kuwabaka wanawake wa kabila jingine kama kisasi.

Afrika Mashariki ilikuwa imeshaona redio ya aina hiyo Kigali mwaka 1994. Tofauti ni kwamba RTLM ya Rwanda iliwaponza waanzilishi wake: Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza kwa kazi ya redio hiyo. Kwa Bentiu, hakuna aliyesimamishwa kizimbani. Mahakama Mseto ya kushughulikia makosa ya vita hivyo iliahidiwa katika mkataba wa amani wa Agosti 2015, ikaahidiwa tena katika mkataba wa Septemba 2018, na haijaundwa.

Pengo la habari

Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Tarehe 8 Julai 2016 msemo huo ulitimia Juba kwa namna ya kutisha. Chini ya mkataba wa amani wa 2015, Machar alikuwa amerudi mjini mwezi Aprili kama makamu wa kwanza wa rais, akiwa na walinzi wake wenye silaha. Usiku wa tarehe 7, walinzi wa pande mbili walipigana risasi kwenye kizuizi cha barabarani huko Gudele, na askari wakafa. Kesho yake Kiir na Machar walikutana Ikulu, jengo linalojulikana mjini kama J1, ili watulize hali, na waandishi wa habari wakaitwa kusikiliza.

Wakati viongozi wakiwa ndani, msemaji wa Machar, James Gatdet Dak, ambaye hakuwapo hapo, aliandika kwenye Facebook kwamba kuna njama ya kumkamata bosi wake Ikulu. Nje ya J1 walinzi wa pande zote mbili walikuwa wamesimama hatua chache baina yao, kila mmoja na bunduki yake, na wengi na simu zao. Risasi zikaanza. Ndani ya chumba, mbele ya kamera, rais na makamu wake waliwaambia wanahabari kwamba hawajui kinachotokea, wakaomba watu watulie. Serikali iliulaumu ujumbe ule wa Facebook kuwa ndio uliowasha moto. Gatdet Dak alikamatwa Nairobi Novemba mwaka huo, akarudishwa Juba, akahukumiwa kunyongwa Februari 2018, na akasamehewa baada ya amani ya mwaka huo.

Tukubali kwamba ujumbe ule ulikuwa wa hatari. Bado tuulize kwa nini askari aliyesimama mlangoni mwa Ikulu aamini maandishi ya mtu aliye mbali kuliko utulivu anaouona mbele yake. Sehemu ya jibu ni kwamba kwa miaka mitatu Juba ilikuwa imefundishwa kutoamini kitu kingine. Maofisa wa usalama walikuwa wakifika mitamboni usiku na kuondoa makala wasizozipenda, magazeti yakatoka na nafasi tupu. Mengine yalifungwa kabisa. Agosti 2015, siku chache baada ya rais kuwaonya waandishi hadharani kwamba uhuru wa habari si uhuru wa kwenda kinyume na nchi, mwandishi Peter Julius Moi alipigwa risasi na kufa mjini humo. Julai 2016 Alfred Taban, mhariri wa Juba Monitor na mmoja wa wakongwe wa taaluma hiyo, aliwekwa ndani kwa kuandika kwamba Kiir na Machar wote wawili wameshindwa na wang'atuke.

Serikali inayowaziba midomo watu wenye kawaida ya kuhakiki habari haiui habari. Inawaachia uwanja wasiohakiki. Redio Miraya ya Umoja wa Mataifa, Eye Radio na Redio Bakhita ya Kanisa Katoliki zimejitahidi, na katika nchi ambayo watu wazima wasiojua kusoma ni zaidi ya nusu, redio ndiyo shule na gazeti. Zote, hata hivyo, zimefanya kazi zikitazama nyuma.

Ughaibuni, simu, na kitufe cha kuzima

Wasudani Kusini walioko Marekani, Kanada na Australia wamechangia ada za shule, mazishi na hospitali za ndugu zao kwa miaka mingi. Baadhi yao pia wamechangia chuki. Watafiti wa PeaceTech Lab waliyakusanya matusi ya vita hivi mwaka 2016, na miongoni mwayo lilikuwamo jina la kampuni ya simu, MTN, walilobandikwa Wadinka kwa madai kwamba wametapakaa kila mahali kama tangazo la kampuni hiyo. Oktoba mwaka huohuo, katika barabara za Equatoria, abiria Wadinka walishushwa kwenye magari na kuuawa. Adama Dieng, mshauri wa Umoja wa Mataifa wa kuzuia mauaji ya kimbari, alifika nchini mwezi uliofuata na kuonya kwamba dalili zote zipo.

Dawa ambayo serikali imeikimbilia ni kuzima. Januari 2025, baada ya video za Wasudani Kusini waliouawa huko Wad Madani, Sudan, kusambaa, vijana wa Juba walivamia na kupora maduka ya wafanyabiashara Wasudani, na watu wakafa. Tarehe 22 mwezi huo Facebook na TikTok zilifungwa, zikafunguliwa tena ndani ya wiki moja. Video zile zilionyesha mauaji ya kweli. Kilichokosekana ni kiongozi wa kusimama mapema akasema: mauaji haya tumeyaona, tunadai haki kwa Khartoum, na mwenye duka wa soko la Konyokonyo hana hatia. Kuzima simu hakuzibi pengo hilo.

Wala mitandao si ya vijana tu. Machi 2025 Jenerali Muhoozi Kainerugaba, mkuu wa majeshi ya Uganda, alitangaza kwenye mtandao wa X kwamba askari wake wameshaingia Juba. Wasemaji wa Juba walikana kwanza, kisha wakakiri. Wananchi walijua habari ya majeshi ya kigeni mjini mwao kupitia simu ya jenerali wa nchi jirani.

Hoja ya maslahi

Wapo watakaosema maneno si chochote, vita ni mafuta, vyeo na bunduki. Wana sehemu ya haki. Jeshi la SPLA lilikuwa mkusanyiko wa makamanda waliounganishwa kwa mishahara tangu Tamko la Juba la 2006, kila mmoja na watu wake. Nchi ilifunga visima vyake vya mafuta Januari 2012 kwa ugomvi na Khartoum, na fedha ya kuwaweka pamoja ikakauka. Bila hali hiyo, hotuba ya Nyakuron ingekuwa hotuba tu.

Lakini maslahi peke yake hayamtoi kijana Gudele na kumwingiza nyumbani kwa jirani na bunduki. Anahitaji kuambiwa kwamba jirani ni adui na kwamba kumuua ni kujilinda. Na wakubwa wenyewe wanajua thamani ya maneno. Juni 2016 makala yenye majina ya Kiir na Machar ilitokea katika gazeti la New York Times, ikitaka maridhiano badala ya mahakama. Upande wa Machar ukasema hakuiandika wala hakushirikishwa. Aprili 2019 serikali iliingia mkataba wa dola milioni 3.7 na kampuni ya Gainful Solutions ya Michael Ranneberger, aliyewahi kuwa balozi wa Marekani nchini Kenya, mojawapo ya kazi ikiwa kuishawishi Washington iizuie Mahakama Mseto. Mkataba huo ulipofichuka ukarekebishwa kwa haraka. Asiyeamini nguvu ya maneno halipi mamilioni kwa ajili yake.

Nasir tena

Machi 2025 wapiganaji wa White Army, kundi la vijana wa Kinuer wenye silaha, waliiteka kambi ya jeshi ya Nasir, mji uleule wa 1991. Helikopta ya Umoja wa Mataifa iliyokwenda kuwaokoa askari ilishambuliwa, Jenerali Majur Dak na wenzake wakauawa. Serikali ilisema Machar, wakati huo tena makamu wa kwanza wa rais, yuko nyuma ya mambo hayo. Chama chake kilikana. Tarehe 26 Machi aliwekwa kizuizini nyumbani kwake, na Septemba akafunguliwa mashtaka ya mauaji, uhaini na makosa dhidi ya ubinadamu. Nicholas Haysom, mkuu wa UNMISS wakati huo, alionya kwamba taarifa za uongo na matamshi ya chuki yanaisukuma nchi ukingoni.

Kama Machar ana hatia au hana, ni kazi ya mahakama, na safari hii pia dai limepelekwa mahakamani. Kinachotia hofu ni kuona mpangilio uleule: tukio, jina la mtuhumiwa, kabila lake, kisha mabomu, huku uchunguzi ukifuata nyuma. Na uchaguzi ulioahirishwa mara kwa mara umepangwa Desemba 2026, msimu ambao kila neno hupanda bei.

Wasanii wa kundi la Ana Taban, waliokusanyika mwaka 2016, wamefanya michezo mitaani na kuchora kuta za Juba kuwaambia wenzao wamechoka na vita. Kazi yao ni ya heshima, ila wamebebeshwa mzigo usio wao. Kijana wa bodaboda hawezi kudaiwa apime maneno kama rais hayapimi yake.

Kwa hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Sudan Kusini ni mwanachama wake tangu 2016, pamoja na jumuiya ya kikanda ya IGAD iliyosimamia mikataba yote miwili ya amani, zina wajibu ulio wazi. Kiongozi yeyote wa Juba atakapotangaza kwamba ameshambuliwa, jambo la kwanza la kumdai ni ushahidi mbele ya wachunguzi huru, kabla ya salamu za kumuunga mkono na kabla ya vifaru vya jirani kuvuka mpaka wa Nimule. Mahakama Mseto iundwe, na waliochochea kwa maikrofoni wasimame humo sawa na waliofyatua risasi. Magazeti ya Juba yaachwe yachapwe yakiwa kamili. Na msomaji uliye Nairobi, Kampala, Kakuma au Melbourne, taarifa inayokutajia adui kabla ya kukuonyesha ushahidi usiipeleke mbele. Ifie mkononi mwako.